Maadili ya jamii katika hadithi ya makuzi: maana yake

Hadithi ya makuzi ni masimulizi yanayomfuata kijana hadi anapoanza kujiamulia mambo yake, na maadili ya jamii ndani yake ni yale yote aliyolelewa nayo: heshima kwa wazazi, stara, dini, jina la ukoo na wajibu kwa majirani. Hadithi inapohusu penzi la kwanza kati ya vijana wa jinsia moja, wengi huyaona maadili hayo kama kizuizi tu kilichowekwa mbele ya wapenzi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa kijana mwenyewe huyathamini maadili hayohayo, na uchungu wake unatokana na kuhukumiwa na kile kilichomlea.

Filamu ya Rafiki ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, inaonyesha jambo hili waziwazi. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi jijini Nairobi. Kwa hiyo penzi lao linapojulikana, jina la baba nalo linaanikwa mbele ya wapiga kura. Ujirani, ambao kwa desturi humfanya mtoto wa mwenzio kuwa wako, ndio unaowachunguza, ukawasengenya na hatimaye ukawapiga. Wazazi nao hawana kauli moja: mama yake Kena anampeleka kanisani akaombewe, ilhali baba yake, ambaye ndiye mwenye kura za kupoteza, anabaki upande wa mwanawe. Kila mmoja anaamini kwamba anatimiza wajibu wa mzazi, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito kuliko hata penzi lenyewe, kwani thamani moja imezaa matendo mawili yanayopingana ndani ya familia moja.

Mwisho wa hadithi ya namna hii pia hubeba maadili, kwa maana jamii hutazamia aliyekiuka mwiko aadhibiwe au atubu. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki mwezi Aprili 2018, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba. Kahiu alieleza kwamba bodi ilikuwa imemtaka abadilishe mwisho wenye matumaini, naye akakataa.