Alama ya kaboni ya mtandao wa umeme sio moshi wa mitambo yote

Naona hili kosa kila mara siku hizi, mtu anachukua umeme wote uliopita kwenye waya, anazidisha na kaboni ya mitambo iliyouzalisha, halafu anakwambia hiyo ndo alama ya kaboni ya mtandao wa usambazaji. Hapana jamani, hapo umehesabu alama ya watumiaji wote wa umeme.

Alama ya mtandao wenyewe ni gesi joto zinazotokana na kazi ya kuufikisha umeme, kuanzia kituo cha kupozea mpaka mita ya mteja, zote zikigeuzwa kuwa kilo au tani za kaboni dayoksaidi. Kuna magari ya mafundi, kuna jenereta za dizeli, kuna utengenezaji wa transfoma, nguzo na kebo. Kuna pia SF6, gesi inayojazwa kwenye swichi za umeme mkubwa kuzuia cheche, na hii wengi wanairuka kwa sababu ni kidogo, wakati kilo moja tu ikivuja inalingana na tani 23.5 hivi za kaboni dayoksaidi ukihesabu joto inaloleta ndani ya miaka 100. Umoja wa Ulaya umeshaizuia kwenye swichi mpya za mpaka kilovolti 24 kuanzia 1 Januari 2026.

Ila sehemu kubwa mara nyingi ni umeme unaopotea njiani kwa kugeuka joto kwenye waya na transfoma, na hapa ndo watu wanachanganya kabisa. Tuseme mtandao umepokea kWh 1,000 (yaani uniti 1,000), zikafika 900, na kila kWh ilizalishwa kwa nusu kilo ya kaboni, basi kinachoandikiwa mtandao kwenye upotevu ni kilo 50, sio 500. Mwongozo wa GHG Protocol, unaotumika kimataifa kuhesabu gesi joto za kampuni, unauweka upotevu huu fungu la pili (Scope 2) kwa kampuni yenye mtandao, yaani sawa na umeme ulioununua ukautumia mwenyewe.

Halafu umeme wa wizi, ambao nao huwa unahesabiwa humohumo kwenye upotevu. Huo haujapotea, umewasha taa na kupasha pasi ya mtu, haujalipiwa tu! Kwangu mimi unatakiwa uonyeshwe kivyake, maana ukiuchanganya na joto la waya hutajua ubadilishe kebo au ukakague mita.

Na hilo joto halitoki sawasawa siku nzima. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, upotevu kwenye waya uleule unakuwa mara nne, kwa hiyo saa za jioni watu wote wakiwasha vitu kwa pamoja ndo waya zinakula zaidi, na mara nyingi ndo saa hizohizo mitambo ya gesi au dizeli inaongezwa. Ukipiga wastani wa mwaka mzima hiyo yote inafichika. Transfoma nayo inakula umeme kidogokidogo usiku kucha hata kama hakuna anayetumia, alimradi imewashwa.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika ripoti, mkisema mtandao umepunguza alama yake tuwekeeni pembeni na kWh zilizopotea mwaka huo na mwaka uliotangulia. Kama kWh ni zilezile na kaboni ya upotevu imeshuka, basi waliobadilika ni wazalishaji, mtandao bado uko vilevile.