Hifadhidata za Uhusiano, NoSQL na NewSQL: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Hifadhidata za uhusiano, yaani zinazopanga data katika majedwali na kuulizwa kwa lugha ya SQL, zimepitwa na wakati na haziwezi kubeba data nyingi.

Ukweli: Edgar F. Codd wa IBM alichapisha nadharia yake mwaka 1970, lakini umri wa nadharia si kasoro ya programu. Facebook imekua juu ya MySQL, hifadhidata ya uhusiano, iliyogawanywa katika seva nyingi. Ugumu umo katika kuigawa data hiyo, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa watengenezaji wa programu: muamala, yaani mabadiliko kadhaa yanayohesabiwa kuwa kitendo kimoja, ukigusa seva mbili, wao ndio wanaopaswa kuhakikisha kwamba unaandikwa kotekote au hauandikwi kabisa.

Dhana: NoSQL, yaani hifadhidata zisizofuata muundo wa uhusiano, haina miamala wala mpangilio wa data.

Ukweli: Dhana hii ilikuwa na msingi zaidi mwaka 2009, jina hilo liliposhika. MongoDB, hifadhidata ya NoSQL inayohifadhi data kama nyaraka, imeruhusu miamala inayogusa nyaraka nyingi tangu 2018, na Cassandra, nyingine ya NoSQL, hutumia CQL, lugha inayofanana sana na SQL na inayotaka majedwali yaelezwe mapema. Hata pale hifadhidata isipodai mpangilio, mpangilio huhamia ndani ya msimbo wa programu, ambako, kwa maoni yangu, ni vigumu zaidi kuukagua.

Dhana: NewSQL, yaani hifadhidata mpya za SQL zilizoundwa kugawanywa katika seva nyingi, inatoa uthabiti wa SQL na upanuzi wa NoSQL bila gharama yoyote.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotoka. Spanner, hifadhidata ya NewSQL ya Google, iliyoelezwa hadharani mwaka 2012, hutegemea saa za atomiki na vipokezi vya GPS, na kabla ya kuthibitisha muamala husubiri hadi shaka iliyopo kuhusu saa ipite. CockroachDB na TiDB, nazo za NewSQL, hutumia kanuni ya Raft, ambayo haikubali maandishi mapya mpaka zaidi ya nusu ya nakala za data, zilizo katika seva tofauti, ziafikiane. Nakala zikiwa katika mabara tofauti, ucheleweshaji wa mtandao hauepukiki. Mtandao ukikatika, upande wenye nakala chache hukataa kuandika. Cassandra inaweza kupangwa iendelee kuandika pande zote mbili, kisha ibakize thamani yenye muhuri wa wakati wa karibuni zaidi, huku nyingine ikipotea bila taarifa. Upotevu huo unavumilika kwa alama ya mahali mtu alipoishia kutazama video, ila si kwa salio la akaunti. Nao mfumo unaotoshelezwa na seva moja, ukihamishiwa NewSQL kwa kutafuta kasi tu, huenda ukawa wa polepole kuliko ulivyokuwa.