“Nipe dawa ya kukausha kidonda”: dhana za kaunta na ukweli wake

Ukisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, ombi la vidonda utakalolisikia kuliko mengine yote ni hilo. Mteja hajali jina la dawa wala kiwanda. Anataka kidonda kiote kigaga upesi, maana kwake kigaga ndicho kupona. Dhana hii ndiyo mama wa nyingine nyingi, kwa hiyo nianze nayo.

Kidonda hakiponi kwa kukauka. Ngozi mpya huanzia kwenye kingo za jeraha na kwenye mashina ya vinyweleo, kisha seli zake hutambaa kuelekea katikati. Ili zitambae zinahitaji unyevu. Zikikuta kigaga kikavu, hulazimika kushuka na kupita chini yake, na muda unapotea. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa London aliwatia nguruwe majeraha ya juu juu, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba. Yaliyofunikwa yaliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili. Bendeji nyingi za kisasa zinazouzwa kwa bei ya kutisha zimezaliwa na wazo hilo, lakini kwa mchubuko wa nyumbani mafuta ya mgando kutoka kopo safi na kitambaa cha gozi juu yake vinatosha kabisa.

Unyevu, hata hivyo, si kulowa. Ukifungua bendeji ukakuta ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na kujikunja kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, bendeji hiyo imekaa kupita kiasi.

“Ikichoma ndiyo inafanya kazi”

Hapa wanaingia spiriti na haidrojeni peroksaidi. Spiriti ni dawa nzuri ya kufuta ngozi nzima kabla ya sindano. Ndani ya kidonda huua bakteria, na huua pia seli zinazojaribu kuziba tundu. Maumivu yale si kipimo cha ubora wake.

Peroksaidi ina mashabiki wengi zaidi kwa sababu ya povu. Watu huliangalia wakiamini kila kipovu ni kijidudu kinachokata roho. Ukweli ni kwamba damu na nyama zetu zina kimeng’enya kinachoitwa katalesi, ambacho huivunja dawa hiyo ikawa maji na oksijeni. Idondoshee kwenye damu iliyotoka sasa hivi, isiyo na uchafu wowote, na itachemka vilevile.

Suala hili ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Alexander Fleming, miaka mingi kabla ya jina lake kufungamana na penisilini, alikuwa kwenye maabara ya kijeshi huko Boulogne, Ufaransa. Aliona askari wakimwagiwa dawa kali kwenye majeraha ya kina na bado yanaoza. Akatengeneza mrija wa kioo wenye vichomozo virefu mfano wa jeraha la bomu, akaonyesha kwamba dawa haifiki kwenye pembe ambako bakteria wamejificha, huku ikiziumiza chembe nyeupe za damu zinazopambana nao.

Sasa tusafishe kwa nini? Maji, tena mengi. Maji ya bomba yanayofaa kunywa, au yaliyochemshwa yakapoa, yamelinganishwa na maji ya chumvi ya hospitali na hayakuongeza maambukizi. Sabuni itumike kwenye ngozi ya pembeni. Ayodini ina nafasi yake kwenye jeraha chafu au lenye maambukizi, lakini kidonda kisafi kinachoendelea vizuri hakina sababu ya kupakwa kila siku kwa mwezi mzima.

“Fungua kapsuli, nyunyizia unga”

Kama ningepewa nafasi ya kufuta tabia moja tu, ningefuta hii. Zile kapsuli za antibiotiki za rangi mbili zimetengenezwa zimezwe, zipite tumboni, ziingie kwenye damu. Unga wake juu ya kidonda huchanganyika na majimaji na kuganda kuwa tabaka gumu. Mgonjwa hulitazama na kusema kimekauka. Akifika kwa muuguzi, kazi ya kwanza ni kuliloweka na kulibandua, na mara nyingi usaha uko chini yake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Dawa za jamii ya penisilini zikipakwa kwenye ngozi ni hodari wa kuufundisha mwili mzio. Ndiyo maana madaktari waliachana na penisilini ya kupaka zamani sana. Mtu aliyejinyunyizia leo anaweza kudhurika siku atakapopewa dawa hiyohiyo kwa sindano, akiwa na nimonia. Na kipimo kidogo kidogo kisichojulikana ni shule ya bakteria kujifunza usugu.

“Krimu hii inatibu kila kitu”

Ni tyubu moja yenye dawa tatu: betamethasoni, klotrimazoli na jentamaisini. Ya kwanza ni steroidi, ya pili ya fangasi, ya tatu ya bakteria. Siri ya umaarufu wake ni steroidi, kwa kuwa huzima muwasho na uvimbe ndani ya siku chache hata kama ugonjwa haujaguswa. Mapunye yaliyopakwa steroidi hupoteza ile duara yake, husambaa polepole, na daktari akiyaona hayatambui kirahisi. Kwenye kidonda, steroidi huchelewesha kufunga. Kwenye uso na mapaja hukondesha ngozi.

“GV haina madhara”

GV ni ile dawa ya maji ya zambarau, jenshiani vayoleti. Health Canada, wizara ya afya ya Kanada, ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu uwezekano wa dawa hii kusababisha saratani. Shida ya karibu zaidi ni ile zambarau yake, inayoficha kila kitu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wa maambukizi ni mgumu kuuona hata bila GV, hivyo mkono ufanye kazi ya jicho: je, pembeni pana joto kuliko ngozi nyingine, pamevimba, pamekuwa pagumu, pameiva na kung’aa? Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua? Mwenye kisukari asisubiri maumivu, hasa mguuni. Aende kituoni mapema.

Jipu nalo halisikii krimu. Usaha uliofungiwa unahitaji kutolewa na mtaalamu, si kukamuliwa na shangazi.

Kwa kuungua, dawa ya meno na yai ni vya jikoni vibaki jikoni. Maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 husaidia hata kama saa mbili zimepita, na barafu isiguse. Asali ni kesi tofauti, kwa kuwa imepimwa kwenye majeraha ya moto na kufanya vizuri. Lakini ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi, wakati ya chupa ya barabarani huenda nusu yake ni sukari iliyoyeyushwa.

“Nimeshapaka dawa, pepopunda haiji”

Hakuna tyubu inayozuia pepopunda. Mbegu zake hukaa kwenye udongo na samadi, na hupenda tundu jembamba, refu, lisilo na hewa: msumari, mwiba, ncha ya jembe. Krimu hubaki mlangoni. Kinachokinga ni chanjo, na kwa jeraha chafu dozi ya kuongeza hutolewa kama ya mwisho ina zaidi ya miaka mitano. Akina mama wengi huichoma wakiwa wajawazito. Wanaume wengi, mafundi na wakulima wakiwemo, hawajaipata tangu utotoni, na ndio wanaokanyaga misumari.