Tangi la samaki likivuja, kupaka silikoni kwa nje hakutoshi

Hapa Malindi wengi wenye tangi la samaki sebuleni huamini kuwa likianza kuvuja, dawa ni kulipaka silikoni kwa nje, samaki wakiwa bado ndani. Inaeleweka: tone unaliona nje, nawe unaziba nje.

Lakini maji husukuma kutoka ndani, kwa hiyo hiyo silikoni inasukumwa iachane na kioo. Tena haishiki vizuri penye unyevu wala juu ya silikoni kuukuu. Kiungo cha vioo hutengenezwa kwa ndani, tangi likiwa tupu. Kwangua ya zamani kwa wembe, futa kioo kwa spiriti, kiache kikauke, kisha paka mpya isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo hudhuru samaki. Ngoja siku mbili au zaidi. Aina nyingi hunuka siki zinapokauka. Ukiisikia bado, usijaze maji.

Kabla ya yote, hakikisha linavuja kweli. Chomoa umeme, kausha vioo, tandika gazeti chini ya kila kona, na utie alama ya kalamu kwenye usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo na gazeti likabaki kavu, huenda ni joto na upepo tu. La maji ya bahari hujisema lenyewe: chumvi nyeupe huganda palipopenya tone.

Samaki wahamishie kwenye ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, kwa maji yaleyale ya tangi, pamoja na pampu ya hewa. Na tafadhali usilibebe likiwa limejaa: lita 100 ni kilo 100.