Jumba la mashambani la Kiingereza, na jinsi Stowe ilivyopata kuwa shule

Kwetu, anayesema ana nyumba shamba kwa kawaida humaanisha mahali pa kupumzikia, kwa kuwa maisha yake hasa yako mjini. Kwa makabaila wa Uingereza wa karne ya 17 hadi ya 19, mpango ulikuwa kinyume. Jumba la mashambani ndilo lililokuwa makao makuu ya ukoo, likizungukwa na maelfu ya ekari ambazo kodi za wakulima wapangaji wake ziliugharimia ukoo huo, na nyumba ya London ndiyo iliyokuwa ya msimu, yaani wakati Bunge linapokutana. Kwa hiyo jumba hilo halikuwa maskani tu. Lilikuwa pia ofisi ya kusimamia ardhi, ukumbi wa kupokelea wakubwa, na jukwaa la siasa.

Mfano unaoeleza dhana hii vizuri ni Stowe, katika jimbo la Buckinghamshire. Kiini cha jumba lake ni nyumba ya matofali iliyojengwa na Sir Richard Temple tangu miaka ya 1670, nayo kwa ukubwa haikuwa ya ajabu. Mwanawe, jenerali aliyepewa cheo cha Viscount Cobham, ndiye aliyeipa umaarufu, na alifanya hivyo zaidi kwa bustani kuliko kwa kuta. Mwaka 1733 alimpinga Waziri Mkuu Robert Walpole katika suala la ushuru, akanyang'anywa kikosi chake cha jeshi, naye akajibu kwa mawe. Msanifu William Kent alimjengea Hekalu la Fadhila za Kale likiwa zima na safi, na karibu yake Hekalu la Fadhila za Kisasa, ambalo lilijengwa likiwa gofu tangu mwanzo, pamoja na sanamu isiyo na kichwa iliyoeleweka kuwa ni ya Walpole. Mahekalu yalimfaa kwa sababu nyingine pia, kwani jina la ukoo wake, Temple, lina maana ya hekalu, na kaulimbiu yao ya Kilatini, "Mahekalu yapendeza kama nini", ni mchezo wa maneno juu ya Zaburi ya 84.

Wageni walianza kumiminika mapema. Nyumba ya wageni ilijengwa mwaka 1717 kwa ajili yao, na mwaka 1744 kikachapishwa kitabu cha kuwaongoza bustanini. Jambo hili ni muhimu kwa atakayeuliza kwa nini majumba haya yaligeuzwa shule kwa urahisi, maana yalisanifiwa kwa macho ya watu wengi. Uso wa kusini wa Stowe, uliochorwa na Robert Adam mwaka 1771, ukarekebishwa na Thomas Pitt na kukamilika mwaka 1779, una jengo la kati lenye nguzo ndefu za mtindo wa Kirumi na mabawa mawili yanayolingana. Nyuma ya nguzo hizo kuna Ukumbi wa Marumaru, wa umbo la yai, wenye kuba iliyoigwa kutoka Pantheon, hekalu la kale la Roma. Nguzo zake 16 zinang'aa kama marumaru, lakini ni plasta iliyotiwa rangi na kusuguliwa kwa ustadi.

Fahari hiyo ndiyo iliyowafilisi wenyewe. Duke wa pili wa Buckingham na Chandos, mrithi wa ukoo huo na mwenye Stowe wakati huo, alimkaribisha Malkia Victoria mwaka 1845 huku madeni yakimlemea, na miaka mitatu baadaye mali ya ndani iliuzwa kwa mnada uliochukua siku 40. Yaliyofuata yaliwapata makabaila wengi. Nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilishusha kodi walizolipa wapangaji wa mashamba tangu miaka ya 1870, kodi ya mirathi ikaanzishwa mwaka 1894 na kufikia asilimia 40 kwa mali kubwa kabisa mwaka 1919, na vita vikaua warithi. Mrithi wa Stowe aliuawa mwaka 1914, na mwaka 1921 jumba likauzwa.

Shule ilifunguliwa Mei 1923 ikiwa na wavulana 99, chini ya mwalimu mkuu J. F. Roxburgh. Ilipokea jengo ambalo tayari lilikuwa na maktaba, ukumbi wa kulia chakula na vyumba vya kutosha kuwa mabweni, na makundi ya wanafunzi yakaitwa kwa majina ya ukoo uleule, kama Temple, Grenville na Cobham. Mwaka huohuo jumba la Canford, Dorset, nalo likawa shule. Huko sanamu ya ukutani ya Kiashuru ilikaa miaka mingi katika chumba kilichokuwa kiduka cha vitafunio cha wanafunzi, mpaka mwaka 1994 ilipouzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Kwa maoni yangu, si sahihi kusema kwamba shule huokoa jumba bila kulidhuru. Stowe ilipojenga kanisa lake katika miaka ya 1920, nguzo 16 zilitolewa katika Hekalu la Maafikiano na Ushindi, lililo bustanini, zikatumiwa kanisani, na upande wa hekalu ukabaki umezibwa kwa matofali. National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya kihistoria, lililokabidhiwa bustani mwishoni mwa miaka ya 1980, ndilo lililochonga nguzo mpya katika muongo uliofuata. Mfuko maalumu wa kulihifadhi jumba lenyewe ulianzishwa mwaka 1997, na shule ikaendelea kulitumia.