Kipimo cha Damu Hakijasema Una Vidonda vya Tumbo

"Daktari, mimi nina vidonda vya tumbo." Umejuaje? "Nilipima damu, wakaniambia nina wadudu." Na kamera ya tumbo umewahi kuwekewa? "Hapana." Basi hatujui kama una vidonda, na wadudu wenyewe hatujui kama bado wapo.

Mazungumzo haya nimeyachoka, kwa hiyo leo nayaandika ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

"Wadudu" hao ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anaishi tumboni mwa watu wengi mno duniani, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha anavyohusika na vidonda. Kila mtu anakijua kisa cha Marshall kuwanywa bakteria hao mwaka 1984. Kinachosahaulika ni kwamba alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo, si kidonda. Kuwa na bakteria ni jambo moja, kuwa na kidonda ni jingine.

Sasa hicho kipimo cha damu. Hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana naye, na kingamwili hubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana nakutana na watu waliomeza dozi ya antibayotiki, wakapima damu, wakaambiwa "bado wapo", wakameza tena, wakapima tena. Wanamfukuza aliyekwisha kuondoka! Ukitaka jibu la leo, pima pumzi au choo. Hapo nako kuna mtego: omeprazole na ndugu zake (dawa za kupunguza asidi ya tumbo) ziachwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakuna kitu na kumbe wamejificha tu. (Kama daktari alikuandikia omeprazole kwa sababu maalumu, muulize kabla ya kuiacha.)

Pilipili? Inaweza kuchokoza, haitoboi. Msongo wa mawazo? Unazidisha maumivu, lakini usiubebeshe lawama zote. Wa kulaumiwa zaidi ni dawa za maumivu: ibuprofen, diclofenac, aspirin. Mzee anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kuwa na kidonda kisichouma kabisa, dalili ya kwanza ikawa damu.

Na maumivu ya chembe ya moyo hayana anwani moja. Yanaweza kutoka tumboni, kwenye mawe ya nyongo, kongosho, au moyo wenyewe. Vitabu husema kidonda cha duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) hutulia ukila. Mimi siwezi kukitambua kidonda kwa maelezo hayo peke yake, na sidhani kama wenzangu wanaweza. Wengi tunaowawekea kamera kwa maumivu haya hatuwakuti na kidonda. Tumbo ni safi, na mtu anaumia kweli. Kwa nini? Tuna nadharia kadhaa, hakuna inayoniridhisha. Akiwa na bakteria tunamtibu, ingawa ni wachache wanaopona maumivu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo badala ya kubishana kuhusu jina la ugonjwa, angalia haya. Ukitapika damu au matapishi ya rangi ya kahawa iliyokolea, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likiuma ghafla na kukakamaa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo "kiungulia" kinachokuja na jasho, kukosa pumzi, au maumivu ya mkono au taya: huenda ni moyo, na wenye kisukari mara nyingi hawapati yale maumivu makali ya kifua wanayoyangoja. Kupungua uzito bila kukusudia, chakula kukwama kooni, kutapika kila mara, upungufu wa damu, au maumivu yaliyoanza ukiwa umevuka miaka 55, hayo ni ya kupanga miadi wiki hii, na hapo omba kamera, usiombe vidonge.

Kuhusu choo cheusi, kabla hujanipigia usiku: vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya kiwe cheusi. Tofauti ni kwamba cha damu hung'aa, hunata, na harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau. Ukishindwa kutofautisha, njoo tupime.