Je, wajua kwa nini shule Marekani huhitaji ruhusa ya jiji ili kuongeza darasa moja?

Mtoto amemaliza darasa la nane. Mwalimu wa la tisa amepatikana, vitabu vipo, na chombo kilichoipa shule mkataba wake kimeshakubali. Hata hivyo darasa halifunguliwi, kwa sababu kibali ambacho jiji lilikitoa miaka ya nyuma kimeandikwa: chekechea hadi la nane. Kwa shule za mkataba za Marekani hili ni jambo la kawaida, na wazazi wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa.

Shule ya mkataba ni shule ya umma. Inaendeshwa kwa fedha za kodi, haitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tofauti yake ni kwamba kwa kawaida haisimamiwi na wilaya ya elimu, yaani chombo cha umma kinachoendesha shule za eneo, bali na bodi yake yenyewe, kwa makubaliano yenye muda na masharti. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizi mwaka 1991, na mwaka uliofuata shule ya kwanza, City Academy, ikafungua milango St. Paul. Anayetoa mkataba huangalia masomo, matokeo na hesabu za fedha. Ardhi ina msimamizi mwingine.

Msimamizi huyo ni jiji. New York iliweka mpango wa kanda kwa jiji zima mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ikathibitisha kuwa serikali za mitaa zina haki ya kusema hapa pajengwe nyumba, pale viwanda, kule maduka. Shule haikai vizuri katika kanda yoyote kati ya hizo. Inatakiwa iwe karibu na nyumba za watu, lakini kila asubuhi huleta mamia ya watoto kwa nusu saa. Ndiyo maana miji mingi huipa kibali chenye masharti: idadi ya juu ya wanafunzi, madarasa yanayoruhusiwa, saa za masomo, na mahali pa kushushia watoto.

Kwa nini isitajwe idadi tu, madarasa yaachwe? Kwa sababu umri wa mtoto hubadilisha mtaa mzima. Wa miaka sita huletwa, wa kumi na sita katika majimbo mengi anaweza kuwa na leseni ya udereva, akaja na gari lake na kuliegesha kutwa nzima. Shule ya sekondari ina mechi za jioni, taa za uwanja na kelele za mashabiki. Kuongeza madarasa ya chini nako kuna mtihani wake. Kanuni za usalama wa moto zinazofuatwa katika majimbo mengi hutaka chekechea na la kwanza wakae ghorofa yenye mlango wa kutokea nje, na la pili wasizidi ghorofa moja juu yake. Jengo la zamani la ofisi linaweza kuwafaa vijana na lisiwafae kabisa watoto wadogo.

Kubwa kuliko yote ni foleni. Chukua saa mbili kasoro robo asubuhi. Gari moja, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, hula kama mita 7, kwa hiyo magari 30 ni mita 210, na foleni inafika barabara kuu. Mama anashuka, anamfungua mwanawe mkanda, anamrudishia mfuko wa chakula aliousahau kitini: sekunde 40. Pakiwa na nafasi moja ya kushushia, magari hayo 30 yatachukua dakika 20. Zikiwepo nafasi tano, ni dakika nne. Mara nyingi maombi ya shule hupita au hukwama kwenye hesabu ndogo kama hiyo.

Shule za wilaya zina njia ya mkato. California, bodi ya wilaya ya elimu inaweza kwa kura za theluthi mbili kuweka kando kanuni za kanda kwa majengo ya madarasa. Bodi ya elimu ya kaunti ya Santa Clara ilijaribu kuitumia nguvu hiyo kwa ajili ya shule ya mkataba ya Rocketship jijini San Jose. Wilaya ya San Jose ikaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema kaunti haina mamlaka hayo. Texas imekwenda njia nyingine: sheria ya 2023 inaitaka miji izitendee shule za mkataba sawa na za wilaya. Florida nayo huruhusu makanisa, maktaba na makumbusho kuzipa shule za mkataba nafasi bila kubadili matumizi ya ardhi.

Kwa maoni yangu, shule inayopanga kukua darasa moja kila mwaka ingeomba mapema kibali cha safari yote hadi la kumi na mbili, hata kama masharti yatakazwa hatua kwa hatua. Kurudi jijini kila mara kunamwacha mtoto wa la nane njia panda.

Na kuna jambo linaloniuma. Maombi ya kibali husikilizwa hadharani, mara nyingi na tume ya mipango ya jiji. California, barua ya taarifa ya kikao hicho hutumwa kwa wenye viwanja walio ndani ya futi 300, yaani kama mita 90, angalau siku kumi kabla. Mzazi anayepanga nyumba upande wa pili wa jiji haipati. Kwa hiyo iulize shule tarehe, uende. Mara nyingi utapewa dakika mbili au tatu za kusema. Usizimalize kwa kuwasifu walimu, kwa sababu tume ya mipango haipimi ufundishaji. Sema unapita barabara gani, unafika saa ngapi, gari lako hubeba watoto wangapi, na kama basi likiwekwa utalipanda.